Jumapili ya Kumtoa Hoza

Juzi binti yangu alinitumia picha kwenye simu. Mjukuu wangu, miezi saba, anacheka mdomo wazi, na kwenye ufizi wa juu yametokeza meno mawili kama punje za mchele. Chini hakuna kitu. Binti ameandika, "Mama, mtundu huyu kaanza na ya juu," akaweka na vile vikatuni vya kucheka. Yeye amezaliwa mjini na kukulia mjini, hajui. Nikamjibu kwamba mtoto ni mzuri, Mungu amkuze, kisha nikaigeuza simu kifudifudi mezani, nikaenda kukaa nje mpaka chai yangu ikapoa.

Wenzangu wa milimani mliofikia umri huu hamhitaji kuelezwa. Wengine nawaeleza: mtoto aliyeanza na meno ya juu aliitwa kigego. Zamani za babu zetu kigego hakuachwa akue, kwa kuwa iliaminika kwamba akikua watu wake watakufa mmoja baada ya mwingine. Alipelekwa jabalini, na waliompeleka walirudi mikono mitupu, wakanawa. Sisi tulizaliwa mambo hayo yamekwisha. Tulikuwa watoto wa Uhuru, tuliimba shuleni kwamba maadui wa taifa ni ujinga, maradhi na umaskini, na tulipofika kwenye ujinga tulipiga miguu chini. Lakini jambo huisha, hofu yake ikabaki inazungukazunguka nyumbani ikitafuta pa kukaa.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Mtae, pale mgongo wa mlima unapokuwa mwembamba hadi nyumba zinasimama kama zimepanga foleni. Ukisimama nyuma ya kanisa siku isiyo na ukungu uliiona nyika yote chini, na ukitupa jiwe hukusikia likianguka. Hapo nyuma ya kanisa, juu ya magogo ya mikaratusi, ndipo tulipofundishwa shule ya Jumapili na Mwalimu Raheli.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuswagia ng'ombe. Tusidanganyane, hakuwa mpole. Akikukuta unasinzia alikufinya sikio mpaka ukazikumbuka dhambi zako zote. Hakuolewa. Aliishi peke yake katika kijumba cha vyumba viwili, alilima maharage, aliuza matunda ya plamsi msimu wake ukifika, na juma zima alikuwa anangoja Jumapili. Alipotuona tunapanda kile kilima na miguu yetu iliyopakwa mafuta, uso wake ulibadilika, ingawa neno la kwanza lilikuwa daima, "Mmechelewa."

Nyumbani tulisema Kishambaa. Kiswahili kilikuwa lugha ya shule, ya mikutano ya kijiji, na ya Mungu. Maneno yake mengi tuliyapokea yakiwa yamevaa nguo za Jumapili, na yale machache ya jikoni tuliyoyajua tuliyachanganya na ya kanisani. Mimi kwa muda mrefu niliamini Mkombozi ni mtu wa kukomba chungu. Nilimwonea Yesu huruma kwamba naye, kama mimi, huachiwa ukoko. Siku nilipolisema hilo mbele ya wenzangu walicheka hadi wengine wakaanguka kutoka kwenye gogo, na Mwalimu Raheli akageuka kutazama nyika, mabega yakimtikisika.

Alijua tulivyo, kwa hiyo hakutuletea mambo ya mbali. Enzi hizo kulikuwa na shamba la kijiji, na siku za zamu kila nyumba ilitoa mtu. Karani alisimama ukingoni na daftari lake. Mwalimu akatuuliza: baba akiumwa, nani anakwenda? Kaka. Karani anapiga tiki jina la nani? La baba. Na mgongo unaouma usiku ni wa nani? Tukapiga kelele wote, wa kaka!

"Basi," akasema, "Yesu alikwenda zamu yetu. Tiki ni yetu, mgongo ni wake."

Mpaka leo sijasikia mchungaji aliyelieleza vizuri kuliko hapo.

Lakini kulikuwa na neno moja lililonisumbua. Tulikuwa tunakariri kwamba Mungu aliupenda ulimwengu akamtoa Mwanawe. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, alimtoa wapi?"

Wenzangu wakaanza tena kucheka. Yeye hakucheka. "Hakumtoa mahali, Eliza. Alimtoa afe. Kutoa ndiko huko. Kitu kikikurudia, hujakitoa, umekiazima."

Nililiweka neno hilo kichwani hivyo alivyonipa. Kumtoa mtoto ni kumpeleka akafe, na anayemtoa ni baba yake.

Mwaka huo huo nilikuwa na mdogo wangu, Hoza. Jina la ubatizo alikuwa bado hajapata, kwani mama alikuwa ameugua baada ya kujifungua, na mambo ya kanisani yakasogezwa mbele. Mimi ndiye niliyekuwa mlezi wake. Nikitoka shule nilivua sare, nikafungwa mbeleko, naye akawekwa mgongoni, na huko ndiko alikoishi. Nilijua akikojoa kabla hajakojoa. Alikuwa na tabia ya kunishika nywele za kisogoni akizivuta polepole hadi alale, na ngumi yake haikufunguka hata akilala. Nilimpenda. Nalisema wazi kwa sababu baadaye kuna waliosema vinginevyo.

Aliyeyaona meno kwanza ni bibi, mama yake baba. Alikuwa akimpangusa mate, akasimamisha kidole mdomoni mwa mtoto, akakiacha hapohapo. Bibi alikuwa amebatizwa, anakula meza ya Bwana, anaimba sauti ya pili. Alikitoa kidole, akakifuta kwenye kanga, akaingia ndani. Kuanzia siku hiyo mama alimfunika Hoza kitambaa mdomoni tukitoka nje. Watu wakiuliza, alisema ana mafua.

Kijiji hakidanganywi na kitambaa. Wanawake kisimani walianza kunyamaza nikifika. Mvua ya mawe ikaja ikalala juu ya maharage ya upande wetu, upande wa pili ikaruka, na nikamsikia jirani akiuliza kwa Kishambaa, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, kwamba kwani yule mtoto wao mafua hayajapona? Bibi alianza kuamka mapema mno na kukaa jikoni akimtazama Hoza aliyelala. Sasa najua alikuwa anaomba. Wakati ule niliona macho tu.

Nadhani Mwalimu Raheli naye alisikia maneno ya kisimani, maana Jumapili moja ya ukungu, tumejikunyata kwenye magogo hatuoni hata kanisa, alifunga kitabu na kusema leo atatuambia habari ya mtoto mmoja wa milima hii hii. Mtoto huyo aliota meno ya juu kwanza. Wazee wakakaa, wakapanga siku. Usiku wa kuamkia siku hiyo, dada wa mtoto, msichana wa umri wetu, alimfunga mgongoni na kutoka kwa mlango wa nyuma. Alikuwa amesikia kwamba huko chini, misheni, kuna watu wasiotupa watoto. Alishuka kwa mvua na baridi, hajui njia, akila mizizi. Akafika siku ya pili. Mtoto alikuwa mzima, mkavu, dada alikuwa amemvika kila nguo aliyokuwa nayo yeye mwenyewe. Lakini dada alikuwa anatetemeka, na kichomi kilikuwa kimeshamwingia. Hakumaliza juma.

"Alikufa badala ya nani?" akauliza Mwalimu.

Tukajibu kwa sauti ndogo, badala ya mtoto.

"Na mtoto yule yuko wapi?" Hakuna aliyejua. Akainua mdomo wake wa juu kwa vidole viwili, akatuonyesha meno yake makubwa ya mbele. "Ndiye huyu hapa anayewafinya masikio. Msimwogope mtoto wa meno ya juu. Mtu alishamfia."

Nia yake ilikuwa njema kuliko zote. Alitaka twende nyumbani tukawaambie mama zetu. Wengine walikwenda wakawaambia. Mimi nilikuwa na jambo jingine kichwani: kwamba nilikuwa dada, wa umri ule ule, na mbeleko ninayo.

Wiki mbili hivi zikapita. Mwinjilisti wetu alikuwa Mpare, Kishambaa hakukijua, kwa hiyo alipokuja kwetu baba alisema naye Kiswahili. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtu wa mikutano, na Kiswahili chake kilikuwa kizito. Mimi nilikuwa nje ya dirisha napembua maharage. Nikamsikia baba akisema, "Nimechoka kuficha. Jumapili tunamtoa."

Mwinjilisti akamwuliza kama mama mtoto amekubali.

"Analia, lakini amekubali. Na bibi yake amekubali. Heri tumtoe mbele ya watu wote waone, mambo haya yaishe."

"Bwana atakubariki, mzee. Ni watu wachache wenye moyo huo."

Mikono yangu ilibaki ndani ya ungo. Sijui kama kuna mtoto mwingine yeyote katika nchi hii ambaye angeweza kukosea vile nilivyokosea. Mtoto wa pwani angelielewa neno lile kama lilivyo: mtoto anatolewa nje, anaonyeshwa watu, anashangiliwa. Mimi nilikuwa na maana moja tu ya neno kutoa, na nilipewa na mtu ninayemwamini. Baba alikuwa amesema kwa mdomo wake mwenyewe, mama akilia, bibi akikubali, na mtu wa Mungu akibariki.

Siku zilizofuata kila nilichokiona kilinithibitishia. Mama alishona kigauni cheupe. Nilikuwa nimeshaona mtu akizikwa, najua nguo nyeupe ni ya nini. Jumamosi asubuhi kuku alifungwa mguu kwenye nguzo ya jiko, na bibi akakaa kizingitini akinoa kisu, akikijaribu kwa kidole gumba, akinoa tena. Baba alipita akambeba Hoza, akamrusha juu, akamdaka, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuielewa. Nilimchukia baba siku hiyo. Namwomba radhi huko aliko.

Mama akaniambia, "Mfunge mwenzio, nikafue." Nikamfunga. Kabla ya kumfunga nilivua sweta yangu ya shule, nikamvika yeye. Nikamfunika na kanga ya mama. Kisha nikazunguka nyuma ya nyumba na kushika njia ya kushukia zahanati ya misheni, ambayo mtu mzima huimaliza kwa saa mbili.

Ilikuwa kipupwe. Ukungu wa kwetu mnaujua, hauanguki kama mvua, unasimama tu na kukulowesha. Nilikwenda vizuri mpaka kwenye mto, halafu njia ikagawanyika na nikachagua ile isiyo yenyewe. Nilipanda, nikashuka, nikajikuta ndani ya shamba la migomba nisilolijua. Hoza alilia, akanyamaza, akaanza kukohoa kikohozi kidogo kikavu. Alikuwa na joto mgongoni kwangu, na mimi kwa ujinga wangu nilifurahi, nikadhani sweta inafanya kazi. Nikamwimbia. Nikamwambia kwa Kishambaa kwamba hawatamtoa, nipo.

Alasiri wanawake waliokuwa wakirudi kutoka shamba la kijiji cha chini walitukuta chini ya jiwe. Nilikuwa nimemkumbatia kifuani, maana mgongoni maji yalikuwa yanapita. Wakanivua kila kitu, wakanifunga kanga zao. Mmoja akamchukua Hoza, akaweka sikio kifuani kwake, akawatazama wenzake. Wakatubeba kuturudisha nyumbani. Nilipiga mayowe njia nzima kwamba wasitupeleke kule, na walidhani ni homa.

Siku ya Jumapili nyumbani kwetu hakuna aliyekwenda kanisani. Kuku alibaki amefungwa. Mganga wa zahanati alipanda na mkoba wake, akachoma sindano, akarudi kesho yake akachoma nyingine. Hoza alipumua kwa haraka, mbavu zikiingia ndani, na hakumshika mtu nywele. Jumatatu jioni Mwalimu Raheli aliingia, akamwona, hakuuliza ruhusa ya yeyote. Alimwomba mama maji ya uvuguvugu kwenye bakuli, akambatiza palepale kwenye mapaja ya bibi, akamwita Danieli, jina ambalo baba alikuwa amelichagua. Alfajiri akafa. Kile kigauni cheupe kilitumika.

Mimi nilipona. Watoto wa miaka minane ni wagumu kufa. Nililala pembeni ya jiko nikisikia kila kitu, na kidogokidogo, kutokana na maneno ya waombolezaji, nikaelewa Jumapili ile ilikuwa ya nini. Ilikuwa ya ubatizo. Kuku alikuwa wa pilau. Baba alikuwa ameamua kumtoa mwanawe kitambaa mdomoni, amshike mikononi mbele ya kijiji kizima akicheka na meno yake ya juu, ili watu waone kwamba balozi haogopi. Ndicho kitendo cha ushujaa zaidi alichowahi kukusudia, nami nilikuwa nimemzuia.

Baada ya mazishi ndipo swali likaja. Baba aliniketisha kwenye kigoda. Mama alikuwepo, bibi, mwinjilisti, wazee wawili wa kanisa, na shangazi aliyetoka mbali ambaye alikuwa ameshasema kwamba mtoto aliyeachishwa mgongo wa mama kwa ajili ya mdogo wake huwa na wivu, na wivu wa mtoto huua. Mwalimu Raheli alikuwa amesimama mlangoni na kikapu chake cha viazi vya wafiwa.

"Eliza," baba akasema. "Ulikuwa unampeleka wapi mwenzio?"

Sikuweza. Ningesemaje? Nilidhani mnamwua? Mbele ya mama?

"Nani alikutuma?"

Nikatazama chini. Shangazi akasema, "Hakuna aliyemtuma. Mnaona? Huyu mpelekeni kwa watu wengine akalelewe huko, kabla hajapewa mwingine wa kumwangalia." Na baba, baba yangu, hakumkatalia. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kuniona wapi.

"Mimi nilimtuma," akasema Mwalimu Raheli.

Wote wakageuka. Aliweka kikapu chini. Alisema kwamba alisikia habari za meno, akaogopa, maana yeye anazijua habari hizo kuliko wao wote. Akasema alimwita Eliza pembeni baada ya darasa, akamwambia ampeleke mtoto misheni kwa siri, asimwambie mtu. Kosa lake lilikuwa kutowaamini. Eliza hana kosa, alimtii mwalimu wake.

"Ulitudhania sisi hivyo?" baba akamwuliza. "Mimi?"

"Nilidhani, baba Eliza. Nisamehe."

Bibi akaanza kulia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mama alitoka pale alipokaa, akapiga magoti mbele yangu, akanivuta kichwa changu kifuani kwake na kukishika hapo kwa nguvu mpaka masikio yakauma. Sikusema neno. Ningeweza kusema. Nafasi ilikuwepo, na ilikuwa ndefu.

Wazee wa kanisa walikaa. Mwalimu Raheli akatengwa meza ya Bwana kwa miezi kadhaa. Mchungaji alipopanda kwa ziara yake, siku ya kumrudisha kundini ikafika, na kwa utaratibu wetu mwenye kutubu husimama mbele na kukiri kosa kwa mdomo wake. Akasimama. Alikuwa amevaa gauni lake la kijivu na kitambaa cheupe kichwani. Alikiri kwamba aliwashuku Wakristo wenzake kuwa watamwaga damu, akamtuma mtoto wa watu njia ya hatari, na mtoto mwingine akafa. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kuswagia ng'ombe, ila ilitoka polepole. Mchungaji akamwuliza kama anatubu. Akasema, "Natubu." Mimi nilikuwa nimekaa mbele na wenzangu, miguu haijafika sakafuni. Nitawaambia nilichohisi, na msinihukumu sana. Nilihisi nafuu. Nilifurahi kwamba aliyesimama pale si mimi.

Alirudishwa mezani, lakini watoto hakurudishiwa. Darasa likapewa kijana mmoja mwenye kitabu cha picha, akatusomea, tukasinzia bila kufinywa. Mwalimu Raheli alikaa benchi la nyuma la wanawake. Ibada ikiisha, tulipopita, alitazama pembeni, na baadhi ya kina mama waliwashika watoto wao mkono mpaka wampite. Alikuwa kigego tena.

Nilipochaguliwa kwenda sekondari, jambo kubwa kwa msichana wa kule, nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwa nimeshaanza kutolala. Wiki ya kuondoka nilimfuata shambani kwake. Alikuwa anang'oa maharage.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mwalimu wa nani?" Hakuinua kichwa.

Nikainama nikaanza kung'oa naye. Tulifika mwisho wa tuta ndipo nikasema. "Mwalimu, wewe hukunituma."

Akaendelea kukung'uta udongo kwenye mizizi. "Nani kakwambia?"

"Najua mwenyewe. Nilisikia baba akisema tunamtoa. Nikadhani..." Nikamweleza yote, lile neno, ungo, kisu, kigauni. Hakuwa akiyajua. Nilipofika kwenye maneno yake mwenyewe, kwamba kutoa ni kutoa afe, aliketi chini palepale kwenye udongo na kushika magoti yake. Nikasema nitakwenda kwa baba leo hii, kisha kwa mchungaji, nitaeleza, warudishe watoto wake.

"Hapana."

"Lakini Mwalimu, hukufanya."

"Dada yangu alikufa kwa ajili yangu nikiwa sijajua hata kusema asante. Nimelibeba hilo tangu nipate akili, na hakuna aliyekuja kunipokea. Nikakuona kwenye kigoda kile, nikasema huyu hatalibeba." Alikuwa anasema Kishambaa sasa, sikuwahi kumsikia akinisemesha Kishambaa. "Ukienda kusema, mama yako atajua ulidhani ataua. Atakufa nalo. Na mimi nitakuwa nimesimama mbele ya watu bure. Unataka niwe nimesimama bure?"

Nikasema sitaki.

"Basi nyanyuka. Funga mzigo huo, nisaidie kujitwisha."

Nikamtwika. Aliondoka kwa njia ya kanisani, mrefu, mzigo wa maharage ukitikisika kichwani, hakugeuka.

Alifariki nikiwa kidato cha tatu. Baba aliniandikia barua, habari za mahindi, habari za mvua, na mwisho kabisa, chini ya salamu, kwamba yule Raheli wa kanisani naye amelala, na kwamba yeye baba alikuwa amemsamehe. Niliisoma barua hiyo chooni. Ni mahali pekee bwenini ambapo mtu angeweza kulia.

Nimetii kwa zaidi ya miaka arobaini. Kanisani kwangu wameniomba mara nyingi nifundishe watoto, na nimesema sina kipaji. Bibi alitangulia, kisha baba, na mwaka jana mama, amezikwa ubavuni mwa Hoza kama alivyotaka. Mama alikufa akiamini kwamba mimi nilikuwa mtoto mtiifu niliyepotoshwa na mwanamke mwenye hofu. Kijijini bado wapo wazee wanaolisimulia hivyo, na wajukuu zao wanalisikia hivyo.

Hakuna tena mtu wa kuumizwa na ukweli, isipokuwa mimi. Kwa hiyo nausema. Mwalimu Raheli hakunituma. Nilikwenda mwenyewe.